Shati Linalomkaa Mtu: Historia Fupi ya Kupimwa na Kujipima

Swali la mahali pa kupata shati la ofisini linalomkaa mwanamume vizuri, kwa fedha aliyonayo mfukoni, huonekana kuwa swali la dukani. Vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kwanza wa ajira huniuliza swali hilo mara kwa mara, nao huliuliza kwa aibu kidogo, kana kwamba wanamshusha mhadhiri hadhi. Mimi sioni aibu yoyote ndani yake. Katika nchi yetu swali la shati ni swali la historia na la uchumi wa siasa, na anayelijibu bila kuitazama historia hiyo atamwelekeza kijana kwenye duka tu, asimweleze kwa nini duka hilo liko pale lilipo na kwa nini mashati yake yanapwaya.

Lugha yetu ina maneno matatu yanayotosha kuanzia. Nguo iliyo kubwa kuliko mwili *inapwaya*. Iliyo ndogo *inabana*. Iliyo sawasawa *inamkaa* mtu. Anayekaa mahali ni mwenyeji wa mahali hapo, hana haraka wala wasiwasi. Nguo inayomkaa mtu ni ile ambayo mvaaji huisahau akishaivaa, akabaki na kazi yake. Ninachotaka kukionesha hapa ni kwamba kwa muda wa karibu karne mbili, wengi wa watu wa Afrika Mashariki wamevaa nguo zilizopimwa kwa miili ya wengine, au zilizoamuliwa na wengine, na kwamba nafasi ya kujipima wenyewe imekuja na kuondoka kwa kadiri siasa zilivyobadilika.

Tuanze na kitambaa, maana shati haliwezi kuwapo kabla ya kitambaa. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akawasili Unguja. Meli nyingi za biashara hiyo zilitoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikileta kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile wazee wetu wakakiita amerikani, na jina hilo bado linaishi madukani. Kiliingia bara kwa misafara hadi Tabora na Ujiji, kikawa fedha: kilinunua chakula, kililipa wapagazi, kililipa hongo kwa machifu.

Kitambaa hicho kilipimwa kwa mwili. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minane ilifanya doti, na jora likawa mtumba mzima wa kitambaa kama kilivyotoka kiwandani. Kiwiko chenyewe kilikuwa rula, na mkono wa nani uliotumika kupimia lilikuwa jambo lenye thamani ya fedha. Hapo mwanzo kabisa wa habari yetu tunamkuta tayari mtu anayepima na mtu anayepimiwa, na hawakuwa na nguvu sawa.

Katika jamii ya pwani ya karne ya 19 vazi lilitangaza daraja la mtu kabla hajafungua kinywa. Mwungwana alivaa kanzu na kofia, na tajiri wa Kiarabu akaongeza joho na jambia. Mtumwa alijifunga kipande cha amerikani au kaniki, na kwa desturi hakutarajiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Ndiyo maana hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanaume wengi waliokombolewa walikimbilia kanzu na kofia, na wanawake wakakimbilia kanga na buibui. Wapo waliowacheka kwa kupenda makuu. Nadhani waliocheka hawakuelewa walichokuwa wakikiona. Kanzu ilikuwa hati ya uhuru ambayo mtu aliweza kuisoma hata kama hakujua kusoma.

Fundi wa kanzu alikuwa na maarifa ambayo leo yamekaribia kusahauliwa nje ya pwani. Ubavuni, chini ya kwapa, aliweka taharizi, kipande kinachoongeza upana ili mvaaji aweze kuinua mikono, kupiga hatua na kukaa chini bila nguo kumvuta. Kanzu nzuri ni pana, lakini haipwayi, kwa sababu upana wake umewekwa pale mwili unapouhitaji. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika kwa fundi wa shati.

Wakoloni walipokuja, pamba iligeuka kutoka kitu tunachonunua na kuwa kitu tunachoamrishwa kulima. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulihudumia. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya mwanzo wa vita vya Maji Maji. Vitabu vyetu vya shule hueleza vita hivyo kwa habari za maji ya dawa na mashujaa, na ni sawa. Lakini mche uliong'olewa siku ile ulikuwa wa nguo ambayo mlimaji wake hangeivaa. Pamba ingesafirishwa ikiwa ghafi, ifumwe mbali, irudi ikiwa na bei ya wengine. Mpangilio huo haukufa pamoja na utawala wa Wajerumani.

Chini ya Waingereza ndipo shati lenye kola lilipopata uzito wake wa kisiasa. Karani, mwalimu na mkalimani waliruhusiwa kuingia ofisini, na ofisi ilidai shati. Mtumishi wa nyumbani, kwa upande wake, alivishwa kanzu nyeupe, na tarishi akavishwa kaptula ya kaki. Kwa hiyo kanzu, ambayo miaka michache kabla ilikuwa vazi la mwungwana, ilishushwa ikawa sare ya mtumishi, na kaptula ikamfanya mtu mzima aonekane mtoto. Mwafrika aliyevaa suruali ndefu, shati na tai alidhihakiwa na maofisa wengi wa kikoloni kuwa ni mwigaji. Waliomdhihaki walijua walichokiogopa. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho ndani ya mabadiliko yake ilizaliwa TANU mwaka 1954, kilikuwa kwa sehemu kubwa chama cha makarani na walimu, yaani watu wa kola.

Na kola yenyewe ina historia yake. Huko Troy, katika jimbo la New York, kulistawi katika karne ya 19 kiwanda kikubwa cha kola za kubandua. Kola ndiyo ichafukayo kwanza. Mtu akiweza kuibandua na kuifua peke yake, shati moja humtosha kwa siku kadhaa, naye akaonekana msafi kila asubuhi. Kola nyeupe ilikuwa mbinu ya watu wa kipato cha chini ya kati kuonekana wenye nafasi, mpaka ikawa jina la tabaka zima la wafanyakazi wa ofisini. Tangu mwanzo wake, basi, shati la ofisini halikuwa vazi la matajiri. Lilikuwa vazi la watu waliokuwa wakihesabu senti.

Saizi nazo zina asili. Kabla ya karne ya 19 nguo ya kukaa mwilini ilishonwa kwa mtu mmoja baada ya kupimwa. Cherehani, iliyoenea baada ya hataza ya Isaac Singer ya mwaka 1851, iliwezesha kushona kwa wingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vikaleta haja ya sare kwa mamia ya maelfu ya askari, na watengenezaji wakajifunza kupanga miili katika makundi ya vipimo. Vita hivyohivyo vilikata ugavi wa amerikani Unguja, vikawafungulia mlango wafanyabiashara wa vitambaa vya Uingereza na Bombay. Kwa upande mmoja wa bahari vita viliondoa kitambaa, na kwa upande wa pili vikazaa saizi. Namba tunazozisoma leo shingoni mwa shati, 15, 15 na nusu, 16, ni inchi za mzunguko wa shingo. Lakini upana wa kifua, urefu wa mkono na mteremko wa mabega unaoandamana na namba hiyo ni wastani wa miili ya watu fulani, wa mahali fulani. Shati likikupwaya kiunoni huku shingo ikikutosha, usidhani mwili wako una kasoro. Wewe hukuwa katika hesabu ile.

Baada ya Uhuru, taifa lilijaribu kujipima upya. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa mkopo na utaalamu wa China. Mwatex, Kiltex, Mutex na vingine vikasimama katika mikoa mingine. Kwa mara ya kwanza ilionekana kuwa pamba ya Usukuma ingeweza kusokotwa, kufumwa, kutiwa rangi na kushonwa bila kuvuka bahari. Viongozi waliacha tai. Suti ya Chou En-lai na ile ya Kaunda zikaingia ofisini, na mtumishi wa umma akaruhusiwa kuheshimika bila kufungwa kitu shingoni katika joto la Dar es Salaam. Uamuzi huo ulikuwa wa akili, nami naendelea kuutetea.

Hata hivyo, dola iliyojipima ilijipa pia haki ya kuwapima wananchi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, na suruali za kubana za wanaume. Vijana wa chama walisimama mitaani wakiwakagua raia, na wanawake ndio walioumia zaidi. Wamasai nao walikuwa tayari wameamriwa kuacha lubega na kuvaa suruali kama "watu wa kisasa". Ikawa kwamba suruali ilikuwa ya lazima kwa Mmasai, na ikiwa imebana ilikuwa kosa kwa kijana wa mjini. Hapo ndipo tunapojifunza kuwa ukombozi wa uchumi wa nguo bila ukombozi wa mvaaji ni nusu ya kazi. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya, ambao wana waraka wa mavazi katika mafaili yao, watafanya vyema kuikumbuka historia hiyo kabla ya kumrudisha mwananchi mlangoni kwa sababu ya nguo yake.

Kisha mambo yakaharibika. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na uendeshaji mbovu wa mashirika ya umma viliviacha viwanda bila vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nguo ikawa bidhaa ya foleni. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya Rais Mwinyi milango ikafunguliwa zaidi. Mitumba, ambayo hapo kabla iliitwa kwa dhihaka "kafa Ulaya", kwa imani kwamba ni nguo za marehemu, ikajaa masokoni. Tusiwe wepesi wa kulaani. Mitumba iliwavisha watu waliokuwa uchi wa kweli, ikawaajiri vijana ambao serikali haikuwa na kazi ya kuwapa, na ikampa mwalimu wa kijijini shati zuri la pamba kwa bei aliyoimudu. Lakini viwanda vilivyokuwa vikichechemea havikuweza kushindana na nguo ambayo mwenyewe wa kwanza ameitoa bure.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa manufaa ya AGOA kwa upande wa mavazi. Kwa hiyo shati linaloning'inia Karume pale Ilala, Memorial pale Moshi au Gikomba pale Nairobi, lina nyuma yake mazungumzo ya kidiplomasia tuliyoshindwa.

Hiyo ndiyo ramani. Sasa naweza kumjibu kijana wa usaili bila kumdanganya, kwa mifuko mitatu.

Mwenye mfuko mwembamba aende kwenye mitumba, na aende na akili. Atazame mabega kwanza. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka chini ya hapo aliache shati hilo, hata likiwa jipya, kwa kuwa kurekebisha mabega ni karibu sawa na kushona upya. Pili atazame kola. Ikifungwa kishikizo cha juu, vidole viwili vipite kati ya kola na shingo bila kulazimisha. Kola iliyo ndogo haiongezeki. Tatu akague mkunjo wa kola, ncha za mikono na makwapa, ambako uchakavu hujificha. Vinavyobaki ni kazi ya fundi: mbavu zinazopwaya hupunguzwa, mikono mirefu hufupishwa iishie kwenye kifundo, pindo refu hukatwa. Fundi wa zamani aliweza hata kuibandua kola iliyolika na kuigeuza upande wa pili. Bei ya shati la mtumba, basi, ni bei ya sokoni pamoja na ujira wa fundi. Asiyeweka fungu la fundi hajanunua shati la ofisini, amenunua kitambaa chenye vishikizo.

Mwenye mfuko wa wastani anunue kitambaa, kisha aende kwa fundi moja kwa moja. Mita mbili hadi mbili na nusu hutosha wanaume wengi, kulingana na upana wa jora. Popilini ya pamba inapitisha hewa, lakini hurudi ikifuliwa, hivyo iloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Tetroni haikunjamani upesi, ila humtoa mtu jasho. Mteja apimwe shingo, mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, kifundo na urefu wa shati, apimwe akiwa amesimama wima bila kuvuta pumzi ili apendeze, kisha akae kitini fundi aone tumbo linavyojitokeza. Aje na shati moja linalomkaa, fundi alione. Shati la kuchomekea lazima liwe refu kiasi cha kutotoka kwenye suruali anapoinua mikono ubaoni. Hapa ndipo hekima ya taharizi inaporudi: kubana si kukaa. Mwili unahitaji nafasi pale unapotembea, na fundi anayejua kazi yake huiweka nafasi hiyo mahali pake.

Mwenye mfuko mnene ana maduka ya mashati mapya na mafundi wa bei kubwa. Ninamkumbusha jambo moja tu. Chapa iliyoandikwa kwenye kola haipimi mabega. Shati la bei ghali lililokatwa kwa wastani wa mwili wa mwingine litampwaya mkurugenzi kama lile la bei rahisi linavyompwaya tarishi. Akitaka thamani ya fedha yake, naye apimwe.

Katika mifuko yote mitatu msomaji ataona kuwa mtu mmoja hakwepeki, naye ni fundi cherehani. Yeye ndiye anayesimama kati ya wastani wa dunia na mwili wa Mtanzania. Hata hivyo, katika mijadala yetu ya viwanda fundi huyu hatajwi. Anakaa barazani mwa duka la mtu, analipa kodi ya pango na ushuru wa kila namna, hukatiwa umeme, na mara kwa mara huhamishwa kupisha usafi wa jiji. Tunazungumzia viwanda vikubwa na mitumba kana kwamba hakuna kitu katikati, ilhali katikati ndiko maelfu ya mafundi waliko.

Sishauri mitumba ipigwe marufuku kesho asubuhi, maana amri isiyo na kitambaa mbadala itamvua nguo maskini kabla ya kumvisha. Nashauri tuanze pale penye uwezo wetu. Serikali na taasisi zake ni mnunuzi mkubwa wa sare: za askari, wauguzi, walinzi, wanafunzi. Zabuni hizo zikielekezwa kwa kitambaa kilichofumwa hapa na kushonwa na vikundi vya mafundi wa hapa, kiwanda kitakuwa na soko la uhakika ambalo hakuna robota la mitumba linaloweza kulinyang'anya. Vyuo vya ufundi vifundishe ukataji na si kushona tu, kwa kuwa shati huharibika kwenye mkasi kabla ya kufika kwenye sindano. Na vyuo vikuu vyetu, ambavyo hupima mengi, viipime miili ya watu wetu, ili siku moja saizi iandikwe kwa hesabu ambayo sisi tumo ndani yake.

Mkulima wa Nandete aliing'oa pamba kwa sababu hakuwa na sauti juu ya nguo ambayo ingetoka ndani yake. Mkulima wa Simiyu leo halimi kwa kiboko, lakini sehemu kubwa ya pamba yake bado inaondoka ikiwa ghafi, na mwanawe anakwenda kwenye usaili akiwa amevaa shati la mtu asiyemjua, lililopunguzwa mbavu na fundi asiyetambuliwa. Kijana huyo apewe kazi kwa sifa zake. Lakini wanaomsaili, ambao nao wamevaa mashati, wajiulize nani aliyeyapima.